Mwaka wa Lori la Kundu

Mzee Makokha tulimzika Alhamisi iliyopita kwao upande wa Bungoma, na wanawe wakanipa kipaza sauti. Walinitambulisha kuwa msichana wa kwanza aliyefundishwa na marehemu kazi ya waya za magari, kana kwamba bado mimi ni msichana, na magoti yangu haya yanalia kila nikiinama kuchungulia uvungu wa gari. Nilisema yale ambayo mtu hutarajiwa kusema. Nilisema alikuwa mvumilivu, hakuwahi kunifukuza kwenye gari eti kwa sababu ni mwanamke, na kwamba nusu ya mafundi wa waya walioko Kitale leo wamepitia mikononi mwake au mikononi mwa waliopitia kwake. Watu wakapiga makofi. Nikarudisha kipaza sauti, nikaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, na kwa aibu chakula cha matanga kikanishinda. Katika maisha ya mzee yule na yangu kuna mwaka mmoja ambao hakuna aliyeutaja pale, na siku ile mtu pekee aliyebaki hai aliyeujua nilikuwa mimi. Mwaka huo dereva mmoja aliyeitwa Kundu alikufa katika lori lake, akazikwa kwa sifa ya ulevi, nami nilijua kwamba hakuwa amelewa. Nilijua kilichomuua. Nilikijua hata kabla hakijamuua.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti cha chuo cha ufundi, na nimepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mzee pale Kitale. Kilikuwa chumba cha mabati na udongo, kimepigwa plasta upande mmoja tu kwa sababu saruji iliisha, na dirisha lake halikufungika. Dirisha hilo lilitazama mlango wa jiko la mkewe, Mama Selina, kwa hiyo hakuna kitu kilichopikwa wala kusemwa katika nyumba ile nisikijue. Asubuhi ilikuwa chai ya maziwa na viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Jioni, tukishanawa mafuta ya magari kwa sabuni ya kufulia, ilikuwa ugali wa wimbi na mrenda, na Jumapili kuku, ambaye Mzee alinipa kipande cha mgongo kwa heshima ya kazi. Nililipenda jiko lile kuliko mahali popote nilipowahi kula. Ni pale nilipomsikia Mama Selina, mapema mwaka ule, akimwambia mumewe taratibu, huku akipangusa meza, kwamba siku hizi anamimina chai nje ya kikombe. "Makokha, hiyo macho enda uonyeshe daktari." Mzee akamjibu kwamba macho iko sawa, ni taa ya hii nyumba ndio mbaya. Nilikuwa nimeketi kitandani nikichana nywele, na mkono ukasimama. Tangu siku ile nikaanza kumtazama akifanya kazi, na nikaona kwamba alikuwa akisoma waya kwa vidole. Alikuwa hodari kwa vidole kiasi kwamba wengine hawakuona kitu.

Kibanda chetu kilikuwa nguzo sita na mabati, ardhi nyeusi kwa oili iliyomwagika miaka na miaka. Somo la kwanza alilonipa Mzee pale lilikuwa la ethi, na hata leo nalirudia neno kwa neno kwa wanaojifunza kwangu. Umeme, alisema, ni kama mgeni: kumpeleka anakokwenda si kazi, kazi ni kumrudisha alikotoka. Ule waya mnene mwekundu unaotoka kwenye betri kila mtu anauheshimu, kwa sababu akiugusa vibaya utamtolea cheche. Lakini waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari, watu wanaufunga popote. Wanaufunga juu ya kutu, juu ya rangi, juu ya matope. Basi sisi tulikwangua. Kabla ya kufunga ethi, unakwangua chuma kwa kisu na msasa mpaka king'ae kama sarafu mpya, unakaza bolti, unapaka grisi, na mwisho Mzee mwenyewe anadondosha tone la rangi nyekundu juu ya bolti. Lile tone lilikuwa sahihi yake. Na mafundi wote wa Kitale walikuwa na tabia moja, haikuandikwa popote lakini iliheshimiwa kuliko sheria: rangi ya fundi haivunjwi na mwingine. Ukivunja rangi ya mwenzako, gari limekuwa lako, na likiharibika hata tairi watakuja kwako. Fundi kijana akivunja rangi ya mzee wake, hilo lilikuwa tusi, na angetafuta mji mwingine wa kufanyia kazi. Wakati ule niliiona tabia nzuri sana. Iliwafanya watu wawajibike, nilidhani.

Kundu alikuja mwezi wa tano, mvua ikiwa bado inanyesha. Kwao ni karibu na Lwakhakha, mpakani, naye alikuwa amenunua lori kuukuu la dizeli, lile la pua ndefu, la kubebea viazi na vitunguu kutoka Kapsokwony kuja Bungoma na Kitale. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kanisani. Zamani alikunywa busaa mpaka akalala mitaroni, na alilisimulia jambo hilo mwenyewe bila kuulizwa, kwa sababu alikuwa ameokoka na kuacha, na ushuhuda wake ulikuwa mali yake kubwa baada ya lori. Lori lenyewe alikuwa amelipaka rangi kote. Alikuwa hajabadilisha tairi hata moja, lakini alikuwa amelipaka buluu juu, na chini, chesisi yote, yaani fremu ya chuma, rangi nyeusi nzito ya mafuta, mara tatu, kwa sababu alitaka watu wa nyumbani walione linang'aa. Mzee alipoliinamia alicheka akamwambia amempamba bibi harusi asiye na meno. Shida yake ilikuwa ya kawaida: asubuhi stata ya kuwashia injini ilinung'unika na kunyamaza, na betri zake mbili hazikujaa hata akienda Bungoma na kurudi. Nyaya za betri zilikuwa zimeoza ndani ya ganda, unga wa kijani ukidondoka ukizikunja. Tukakubaliana kuzibadilisha zote.

Tulifanya kazi siku mbili. Mimi nilishika upande wa betri: nikakata kebo mpya, nikazibana vichwa vyake vya shaba, nikaunganisha betri ya kwanza na ya pili, nikapeleka waya mwekundu kwenye stata, na ethi ya betri nikaifunga kwenye chesisi baada ya kukwangua mpaka mkono ukaniuma. Mzee alishika upande wa injini. Ethi ya injini, ule mkanda mpana wa waya uliosukwa, na ethi ya altaneta, ile mashine ya kuchaji betri, alizifunga pamoja kwenye bolti moja ya chesisi, chini kule karibu na gia, mahali penye giza. Nilimwona akikwangua. Nilimwona akipitisha kidole gumba, akitikisa kichwa kuridhika, akikaza. Nilipoingia uvunguni baadaye kufunga tepu, nikamulika tochi pale, nikaona kwamba alikuwa amekwangua nusu inchi pembeni. Chuma kilichong'aa kilikuwa kando, na mkanda wa waya umekaa juu ya rangi nyeusi, laini, isiyo na hata mkwaruzo. Na juu ya bolti tayari lilikuwepo tone jekundu, bado bichi.

Nimelala chini ya magari maelfu tangu siku hiyo, lakini ule uvungu ndio ninaouona nikifumba macho. Nilikuwa na spana mkononi, na kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Nilichofikiria, na nitakisema kilivyo, hakikuwa Kundu. Nilifikiria chai iliyomwagika nje ya kikombe. Nilifikiria kwamba nikivunja rangi ile, nitakuwa nimemwambia mzee wangu mbele ya mteja kwamba amekuwa kipofu, na kufikia Jumamosi Kitale nzima itakuwa imesikia. Nilimpenda, na pia nilihofia chumba changu na kibanda chetu, na hofu ile niliivika nguo ya heshima. Nikasubiri nione kama lori litawaka. Kundu akapanda, akabonyeza, na lori likawaka mara moja kwa kishindo, likatetemesha mabati. Akashuka akamkumbatia Mzee. Nami nikajiambia basi, umeme umepata njia, labda kupitia meno ya bolti, kumbe rangi haidhuru sana. Mimi, mwenye cheti, nilijua jibu kamili la maneno hayo. Umeme wa stata ni mwingi, nao ukikosa njia yake halali utajitafutia ya haramu. Utapita kwenye kebo ya kikanyagio cha mafuta, utapita kwenye waya wa kuvutia ili kuzima injini, kwa sababu hizo nazo ni chuma na zinatoka kwenye injini kwenda kwenye mwili wa gari. Na zenyewe ni nyembamba, hivyo zitapata moto.

Alirudi baada ya miezi miwili hivi, akiwa na furushi la maleya, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, zawadi kwa Mama Selina. Mzee alikuwa ameenda kununua betri. Kundu akaniita kando ya mlango wa dereva. "Nafula, hii rori siku hizi mguu yake ni nzito. Nikikanyaga mafuta nikitoa mguu, inakawia kurudi. Na hii ya kuzima injini, ati inakuwa na joto." Nilipanda, nikawasha injini, nikakishika kile kishikio cha kuzimia. Kilikuwa na joto la kikombe kilichotoka kunywewa chai. Sikuhitaji kipimo kingine chochote duniani. Nilimwambia asubiri, na Mzee aliporudi nikamwendea nyuma ya kibanda nikamweleza kwa sauti ya chini, nikichagua maneno, kwamba huenda ethi ya injini haikushika vizuri. Aliweka betri chini polepole. Akaniuliza kama rangi yake imevunjika. Nikasema hapana. "Basi si ethi," akasema, na uso wake ulikuwa na woga ambao sijawahi kuuona tena kwa mwanamume mzima. Alijua kwamba najua macho yake. Kama angenikemea, nadhani ningemjibu na kwenda kuifungua ile bolti. Woga wake ndio ulionishinda. Nikachukua kopo la oili, nikaimiminia kebo ya mafuta mpaka ikalainika, nikamwambia Kundu ni vumbi la Kapsokwony. Akanishukuru akasema mimi ni fundi kamili. Jioni ile Mama Selina alipika yale maleya kwa mchuzi wa njugu, nasi watatu tukala tukayamaliza.

Habari ilitufikia mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, kupitia kwa dereva mwingine aliyesimamisha gari barabarani na kupaza sauti bila kushuka. Lori la Kundu lilikuwa limeshuka kutoka Kapsokwony na mzigo wa viazi, likaikosa kona ya pili, likaenda bondeni. Kundu alikuwa peke yake. Waliokuwa shambani kando ya barabara walisema wote neno moja: kwamba walisikia injini ikinguruma kwa nguvu kwenye mteremko ule, akiongeza mafuta mahali ambapo kila mwenye akili hutoa mguu. Mlevi tu ndiye anaweza kukanyaga mafuta pale. Na kwa kuwa zamani alikunywa kweli, hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine. Katika mazishi yake kule Lwakhakha nilisimama nyuma na Mama Selina, nikasikia wanawake wakinong'ona kwamba lisemwalo lipo, kwamba ng'ombe aliyezoea kamba hata ukimfungua atairudia. Mhubiri wa kanisa lake, lile alilotolea ushuhuda, alihubiri juu ya mbwa anayerudia matapishi yake, na mama yake Kundu, mwanamke mdogo mwenye leso ya kijani, aliinamisha uso kana kwamba yeye ndiye aliyekunywa. Ningeweza kuyanyoosha yote kwa sentensi mbili. Injini ilinguruma kwa sababu kebo ilinata. Hakuizima kwa sababu waya wa kuzimia ulikuwa umeungana na ganda lake. Nilizishika sentensi hizo mdomoni tangu asubuhi mpaka kaburi likafunikwa, nikarudi nazo Kitale.

Wiki iliyofuata familia ilimwomba Mzee atoe zile betri, kwa kuwa zilikuwa bado mpya, na lori lilikuwa limevutwa hadi uwanja wa polisi. Tulienda wawili. Lilikuwa limelala ubavu, kwa hiyo uvungu wote ulikuwa juani, wazi, chesisi nyeusi iking'aa alivyotaka mwenyewe. Niliivuta ile kebo ya mafuta na haikusogea. Ganda lake la plastiki lilikuwa limeyeyuka na kuganda na waya wa ndani, si kwa ajali, bali polepole, kwa miezi. Mzee hakuniuliza nimeona nini. Alitambaa kwa vidole kutoka kwenye gia mpaka kwenye bolti yake, akalipata tone la rangi, akalivunja kwa ukucha. Akafungua. Akainua ule mkanda wa waya na kuweka kidole gumba chini yake, pale palipokuwa laini. Alikuwa bado amepiga magoti kwenye majani, kidole kikiwa pale, askari mmoja alipotuuliza kama kuna shida. Mzee akasema hakuna. Kisha akatoa kisu mfukoni. Akaikwangua ile rangi, yote, kwa uangalifu, kwa mikono yote miwili, mpaka chuma kikang'aa, akarudisha mkanda, akakaza bolti, na kutoka kwenye kikopo chake akadondosha tone jipya jekundu. Nilisimama nikimtazama mtu mwaminifu kuliko wote niliowajua akifuta ushahidi wa kosa lake, na sikumzuia. Nilimshikia tochi, ingawa ilikuwa mchana.

Jioni hiyo Mama Selina alileta ugali na mboga ya saga, na Mzee hakunawa mikono. Mkewe alipotoka kwenda kuchukua maji, akageuza uso upande wangu. "Nafula, Kundu alikuwa mlevi?" Nikamjibu kwamba watu wanasema hivyo. "Nakuuliza wewe." Nilijua alichokuwa akiniomba. Alikuwa akiniomba niseme, ili na yeye apate kusema, kwa sababu peke yake hakuweza. Miaka yote hii nimelitafsiri swali lile kwa njia nyingine na kila mara linarudi palepale. Nikasema, "Sijui, Mzee." Akatikisa kichwa, akanawa, akala. Kabla ya Krismasi alitangaza kwamba amechoka, akaniachia kibanda, spana zote na wateja wote, akarudi Bungoma kulima, na kila mtu akanipongeza kwa kupata bahati nikiwa bado mdogo. Kibanda hicho ndicho kimenilisha mpaka leo. Kila mwaka alinitumia mahindi mabichi, nami nikamtumia sukari na majani ya chai, na hatukulitaja jina la Kundu hata mara moja.

Baada ya kumzika Mzee sikurudi Kitale. Nilimwomba kijana wa pikipiki anipeleke Lwakhakha, nikamuulizia mama yake Kundu, nikaambiwa alikufa siku nyingi. Aliyekuwepo ni Nanjala, dada yake mkubwa Kundu, ambaye sasa ni nyanya mwenye mvi, ameketi mlangoni kwake akipeta maharagwe. Nilijitambulisha, nikaketi kwenye kigoda alichonisogezea, nikamwambia yote, tangu rangi nyeusi mpaka kisu cha Mzee, bila kujipunguzia kitu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Njiani nilikuwa hata nimetamani anitukane, ili kitu fulani kimalizike. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa mapajani.

"Kwa hivyo hakuwa amekunywa," akasema.

"Hakuwa amekunywa, mama. Hata tone."

Akatazama uani, ambako wajukuu wawili walikuwa wakifukuzana na kuku. Akaniambia kwamba tangu Kundu aende, katika boma hilo wamezaliwa wavulana tisa. Nami, akaniambia, si ni Mbukusu kama wao, basi najua vile inafanywa: mtoto akilia bila kunyamaza, wazee wanakaa wanamwitia majina ya wale walienda, moja moja, mpaka wafike kwa yule anataka kurudi, mtoto anyamaze. Mara tisa walikaa hivyo. Mara tisa walipofika kwa Kundu waliliruka jina lake, kwa maana hakuna anayempa mtoto mchanga jina la mlevi. Na sasa wanawake wa hapo wamemaliza kuzaa, na vijana wako Nairobi, watoto wao wanapewa majina ya televisheni.

Nikamwambia pole, neno ambalo hata mimi nilisikia lilivyokuwa dogo.

"Mama alikuwa anataka," akasema Nanjala, mkono wake ukitafuta jiwe kati ya maharagwe. "Huyo mtoto wa kwanza, alikuwa wangu. Alilia siku tatu. Mama akaniomba, akapiga magoti hapa, ati nikubali waite Kundu. Mimi ndio nilikataa."